Mwani Mweupe wa Mama A-tuan

Chiao-ju hakuvua hata viatu. Alifungua mlango, akatupa begi sakafuni, akapitiliza mpaka kwenye tangi lake.

Wiki tatu alikuwa amelala kwenye kiti cha kukunja hospitalini, ubavuni mwa kitanda cha mama yake, na katika wiki hizo zote kitu kilichomshikilia akili ni kimoja tu: ule mwani. Mwekundu kama taa za hekaluni, umesimama juu ya jiwe lake, unayumba na maji taratibu. Kesho yake saa nne asubuhi gari la wagonjwa lingemleta mama pale nyumbani, maana madaktari walishasema hawana zaidi la kufanya, na kitanda kingewekwa hapo hapo, kikitazamana na kioo cha tangi.

Akaukuta mweupe.

Si kupauka kidogo, hapana. Mweupe pee, kama tambi za mchele zilizosahauliwa kwenye bakuli.

"Kai! Kai, njoo hapa!"

Mumewe, Po-kai, akatoka jikoni na kikombe cha chai mkononi, meno yote nje. "Umeyaona hayo maji? Sema ukweli wako! Hapo unaweka gazeti upande wa pili, unasoma mpaka matangazo ya vifo."

Nyumba yao ya ghorofa ya nne katika mji wa bandari wa Keelung ilikuwa na matangi mawili ya maji ya chumvi. Tangi la Po-kai lilikuwa la matumbawe. La Chiao-ju lilikuwa la mwani, na Po-kai aliliita bustani ya mchicha. Chiao-ju naye aliyaita matumbawe yake mawe yenye maringo. Waliishi hivyo miaka, wakitaniana.

Ila ule mwani mwekundu haukuwa wa utani. Mama A-tuan, mama yake Chiao-ju, alikuwa mvunaji. Tangu usichana alizama kwenye ghuba moja ndogo nje ya mji, anaung'oa mwani kwenye mawe kwa mkono, anajaza kapu. Kisha wakaja watu wa bandari. Siku moja kabla ghuba haijazungushiwa uzio, Mama A-tuan, na miaka yake sabini na moja, alishuka na nyundo, akabandua jiwe moja likiwa na mwani wake, akaliweka kwenye ndoo, akampelekea binti. Wiki iliyofuata malori yalimwaga kifusi. Leo pale ni zege tupu, meli zinafunga kamba.

Miaka miwili Chiao-ju aliulea. Aliununulia mashine ya kupoza maji. Aliupunguzia taa ulipoanza kuungua, akaulisha. Na hospitalini, usiku wa kwanza tu, mama alimshika mkono: "Nikitoka hapa nataka niuone. Ukiwa hai, ukiwa kwenye maji. Usiniangushe, Ju."

"Si kuuona tu, Mama, utauchoka."

Na sasa huu hapa.

"Matone ulitia?" Chiao-ju akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Matone gani?"

"Ya mbolea! Kumi kila asubuhi! Karatasi si hii hapa kwenye kioo, Kai? Si mwandiko wangu huu?"

Po-kai akaitazama ile karatasi kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu asiyemjua. "Ah, hiyo. Nilipima maji siku ya kwanza nikakuta machafu, nikajua umekosea. Nani anamwaga uchafu kwenye maji yake kwa makusudi? Mimi miaka kumi na mbili nahangaika kuutoa, wewe unatia kwa matone?"

"Uchafu huo ndio chakula chake!"

"Subiri, usinipigie kelele. Mimi nilitoa ile mashine yangu ya povu inayochuja uchafu, ile kubwa, nikaifunga kwako. Matumbawe yangu yalikaa bila. Unajua mawili yamekufa? Nilisema, huyu mwanamke yuko na mama yake, acha angalau arudi akute maji ya maana. Nikaushusha uchafu mpaka sifuri, Ju! Sifuri! Mimi mwenyewe sijawahi kufika sifuri."

Ndivyo walivyo watu wa matumbawe. Kwao sifuri ni sherehe. Kwa mwani sifuri ni njaa.

"Ungeniambia."

"Nilikuambia!" Po-kai akachomoa simu, akapekua, akamsogezea. Picha zilikuwepo, kila siku moja, zote zimepigwa chini ya taa ile ya buluu ya matumbawe ambayo hufanya kila kitu kionekane zambarau. Na chini ya picha ya siku ya tisa: *Maji yamefika sifuri, mke wangu!!!* Chini yake, jibu la Chiao-ju. Dole gumba.

Aliikumbuka siku ile. Mama alikuwa anatapika. Hakusoma.

"Si umeona?" Po-kai akasema, akarudisha simu mfukoni.

Chiao-ju akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono majini. Akaachanisha mwani uzi kwa uzi, kuanzia juu, akitafuta hata kijincha kimoja chenye rangi. Akafika kwenye shina. Akageuza jiwe. Nyuzi zikawa zinakatikia vidoleni.

Hakukuwa na wekundu wowote.

Asubuhi wanaume wawili walimpandisha Mama A-tuan kwa kiti, ngazi zote za ghorofa nne, naye akiwachamba njia nzima: "Vijana gani mnahema hivi? Hamlishwi kwenu?" Alipolazwa tu, akageuzia kioo uso. Macho yake yalishaingia ukungu.

"Uko wapi?"

Chiao-ju alikuwa amejipanga kusema ukweli. Badala yake akang'oa kishungi cha mwani, akakiweka kwenye kiganja cha mama.

Mama A-tuan akakisugua. Akakileta karibu na jicho, kisha puani.

"Umeshauanika," akasema.

Maana ndivyo mwani ule unavyoandaliwa kwa kula: unaoshwa na kuanikwa, unaoshwa na kuanikwa, mara saba, mpaka wekundu wote uishe ubaki mweupe. Wa kupikia jeli.

"Na kwa mvua hii ya Keelung! Mara ngapi?"

Chiao-ju akamgeukia mumewe. Po-kai alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Neno moja tu lilitakiwa. *Ni mimi, Mama.* Basi. Akamtazama, akangoja.

Po-kai akajikuna shingo. "Mama, nikukatie limau?"

"Mara saba, Mama," Chiao-ju akasema.

"Saba. Kazi safi hiyo." Bibi akakunja vidole juu ya kile kishungi. "Nilidhani utaningoja niuone kwanza. Haidhuru. Ulikuwa unanihurumia, ukaona nile kabla sijaondoka. Haya, chemsha."

"Mama..."

"Chemsha, mwanangu. Wote. Tia na siki kidogo, uyeyuke."

Akauchemsha. Nyuzi zote, pamoja na zile zilizobaki kwenye jiwe, alizikwangua kwa kisu cha matunda. Saa nzima alisimama juu ya sufuria akikoroga. Akachuja kwa kitambaa, akaacha ipoe ishikane. Ikatoka jeli ya bakuli moja, inayotikisika, haina rangi. Akamiminia asali na limau lake Po-kai.

Mama A-tuan alikula vijiko vitatu. Alifumba macho. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ya kwetu." Cha nne akakisukuma kwa ulimi.

Po-kai alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakodolea bakuli. "Harufu yake tu, Mama!"

"Mpe mumeo hiyo iliyobaki, Ju," bibi akasema, macho bado kayafumba. "Wiki tatu kijana wa watu kakaa peke yake anatunza nyumba yako. Na hata kulalamika hajalalamika."

Chiao-ju akasimama na lile bakuli. Akamtazama Po-kai mara ya mwisho, akimpa nafasi. Po-kai akanyoosha mikono miwili, kwa adabu zote, kulipokea.

Akampa.