Mpangaji wa Nyumba ya Sajini

Machogu wa Nyaramba alikuwa na mbwa aitwaye Sajini. Jina hilo alimpa angali mdogo kama kiatu cha mtoto, akiamini kwamba ukimpa kiumbe cheo, ushujaa utakuja wenyewe baadaye. Kosa hilo hilo serikali ilikuwa ikilifanya kila siku, na Machogu aliisuta kwa sauti kubwa bila kujitazama. Sajini akakua, akawa na kifua kipana na sauti ya kutisha watu barabarani. Moyo lakini ulibaki ule wa siku ya kwanza. Alimbwekea chifu akipita, akabwekea lori la pareto, akabwekea radi. Kisha akaja paka, na Sajini akanyamaza.

Ilikuwa masika, mwaka ule kichaa cha mbwa kilipozuka upande wa Ekerenyo. Ombati, naibu wa chifu, aliitisha baraza sokoni akatoa amri. Kila mbwa afungwe nyumbani kwa mwenyewe mpaka watu wa mifugo wapite na sindano. Mbwa atakayekutwa barabarani atapigwa risasi, awe na mwenyewe au asiwe naye.

"Na nyinyi mnaozurura na magari ya serikali," Machogu akauliza kutoka nyuma, "mtafungwa na nani?"

Watu wakacheka. Ombati hakucheka.

"Mzee Machogu, siku ya sindano nitaanzia kwako."

Machogu alirudi nyumbani akifurahia kicheko cha watu, lakini alipofika langoni furaha ilikuwa imekwisha. Tangu mkewe Persis afe, Sajini ndiye peke yake pale bomani aliyeinua kichwa akiitwa. Persis alibebwa kwa machela, kwenye tope la barabara ambayo wakubwa huiahidi kila wakitaka kura, na zahanati waliyomfikisha ilikuwa na rangi mpya ukutani na kabati tupu. Machogu alikuwa amesema hayo mahali pote palipo na masikio. Sasa wakubwa hao hao walitaka kumchukulia na mbwa.

Mwanawe Thadeus alikuwa karani mjini Kisii, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mke wa Thadeus, Eucabeth, alikaa hapo hapo ng'ambo ya ua, ila Wagusii wana heshima yao inayoitwa chinsoni: baba mkwe na mke wa mwana hawakai wakapiga soga, na mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe, hata mvua ya mawe inyeshe. Kwa hiyo Eucabeth alikuwa akiweka sahani ya chakula juu ya kigogo kando ya ua, anakohoa, anaondoka. Machogu anangoja kidogo, anakwenda kuichukua, anamgawia Sajini nusu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba nzima.

Basi akamjengea Sajini nyumba. Alitumia mabati yaliyobaki Thadeus alipojenga, na mbao za mikaratusi, akaiinua juu ya mawe isiingie maji. Ndani akatandika blanketi la Persis. Kulitazama kitandani hakuweza, na kulitupa vilevile hakuweza. Akaona afadhali limtie mbwa joto. Jirani yake Manasseh alikuja kuikagua.

"Hii ni bora kuliko kambi ya chifu," akasema.

"Aliyeijenga hakula pesa za mabati."

Sajini alilala ndani raha mustarehe kwa muda mfupi tu. Asubuhi moja Machogu alimkuta amekaa nje kwenye mvua, masikio yamelala, anaitazama nyumba yake kama mtu aliyefukuzwa kwa kushindwa kodi. Ndani, katikati ya blanketi, alikuwa paka wa kike mwenye madoa, sikio moja limechanika. Hakushtuka. Alimtazama Machogu, akapiga mwayo.

"Toka!" Machogu akapaza sauti.

Aliyetoka ni Sajini. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akajivua mkanda wa shingoni uliofungwa kamba, kwa ufundi ambao hakuwahi kuuonyesha katika kazi nyingine yoyote, akaenda zake barabarani.

Machogu alimfuata mpaka karibu na duka la chumvi akimwita kwa majina mazuri mbele ya watu. Akambeba mgongoni, mbwa mzima wa kifua kile, matope yakimchuruzika shingoni. Na palepale sokoni watu walikuwa wakisema kwamba gari la watu wa mifugo limeshaonekana Ekerenyo.

Kuanzia hapo ikawa vita. Alimfukuza paka kwa fagio, akarudi. Akammwagia maji, akarudi akiwa ameloa na kulilowesha blanketi. Akapaka pilipili mlangoni. Sajini akailamba, akalia nusu ya asubuhi, huku paka akiruka juu yake akiingia. Kila paka alipoingia, mbwa alijivua mkanda. Machogu akautoboa mkanda tundu jingine ili aukaze, mbwa akazidi kukonda kwa kukosa usingizi na shingo ikapita vilevile.

Mwishowe akaja na wazo. Aliketi juu ya gogo na msumeno, akiongea peke yake juu ya viongozi wasiotumia akili, akaupunguza mlango wa ile nyumba kwa mbao mbili ili paka asipite. Alipomaliza akasimama mbali kidogo, mikono kiunoni. Paka akaja, akapita katikati bila kugusa ubao hata kwa sharubu. Sajini akajaribu kumfuata kwa aibu ya kutazamwa na mwenyewe, akakwama mabegani.

Manasseh alikuwa ameegemea ua.

"Machogu, ndugu yangu. Kati ya hawa wawili, mdogo ni yupi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Labda huko barazani mnapima kwa njia nyingine."

Machogu alivunja zile mbao kumtoa mbwa, na hasira yote, ya Manasseh, ya Ombati, ya kabati tupu la zahanati, akaielekeza kwa yule paka. Akachukua fimbo. Paka akaruka nje, akakata uani, akapita chini ya ua. Machogu akapita juu ya ua. Paka akazunguka zizi la mbuzi, akaingia kwenye mlango uliokuwa wazi, na Machogu akamfuata mbio, fimbo juu, mpaka aliposikia sauti ya mwanamke ndani ikimwita baba kwa Kigusii, "Tata!"

Akaganda. Mguu wa kulia ulikuwa ndani ya nyumba ya Thadeus. Wa kushoto ulikuwa nje.

Eucabeth alikuwa jikoni kwake akipepeta wimbi. Aligeuka upesi akatazama ukuta, ungo mikononi. Machogu naye akatazama juu kwenye paa, na mguu haukutaka kurudi. Ulikuwa kama wa mtu mwingine.

"Tata," Eucabeth akauambia ukuta kwa sauti ndogo, "usimpige huyo. Ni paka wa mama."

"Mama yupi?"

"Mama Persis. Alikuwa akikaa naye jikoni kwa miaka mingi, kwa ajili ya panya. Alikuwa akila mafigani pamoja naye. Tangu ulipolitia jiko lake kufuli hana pa kulala. Anafuata lile blanketi."

Machogu aliuondoa mguu. Alirudi kinyumenyume mpaka alipogongana na Manasseh, ambaye, kama kawaida yake, alikuwa ameshafika.

"Nimeona mguu mmoja," Manasseh akasema taratibu, kama shahidi. "Mzee mwenzetu Ongeri alipoingia kwa mwanawe kukwepa mvua, nani aliyesimama mbele ya wazee akasema atoe mbuzi wa faini? Sauti ya nani ile?"

"Yangu."

"Ulisema mtu asiyejua mpaka wa mlango hafai hata kuchunga kuku."

"Nakumbuka nilichosema."

"Basi mbuzi mzima kwa miguu miwili. Kwa mguu mmoja tutatafuta yule mbuzi wako kilema." Akamshika bega. "Wazee nitawaambia mimi. Wewe nenda kanawe uso."

Machogu hakunawa uso. Aliketi mbele ya jiko la Persis, kijumba cha udongo chenye kufuli ambayo aliwaambia watu ni ya kuzuia wezi. Katika ndoa yake yote hakuwahi kupita pale ndani. Mwanamume haketi mafigani, chakula kilikuwa kikimjia, naye akila akilaani serikali, Persis akiitikia kutoka ndani, "Ndiyo, ndiyo, ni kweli." Sasa alijiuliza yale maitikio mengine, yale ya upole zaidi, yalikuwa yakielekezwa kwa nani. Mtu aliyejua makosa ya kila mkubwa kutoka Nyaramba mpaka Kisii hakujua kwamba nyumbani kwake mna paka.

Akafungua kufuli. Ndani palinuka majivu ya zamani na panya. Akalitoa blanketi kwenye nyumba ya Sajini, akalikung'uta, akaliweka kando ya mafiga, na badala yake akamtandikia mbwa gunia na majani makavu. Paka alikuja bila kuitwa. Alipita miguuni pake kama mtu arudiye kwake akamkuta mgeni amekalia njia, akajikunja mahali pake. Ng'ambo, Sajini alinusa nyumba yake ndani, akanusa tena, akaingia akajitupa chini kwa kishindo.

Landirova ya watu wa mifugo ilikuja siku mbili tatu baadaye, na Ombati alitimiza neno lake la kuanzia kwa Machogu. Akakuta mbwa ndani ya nyumba yake, mkanda shingoni, kamba imekaza. Sajini alipoona sindano alipiga kelele iliyosikika mpaka sokoni, kabla haijamgusa.

"Huyu ndiye Sajini?" Ombati akauliza.

"Vyeo mnagawa nyinyi pia. Umewahi kuniona nikicheka?"

Ombati alitaka kujibu, macho yake yakaenda kwenye moshi mzito uliokuwa ukitoka jikoni kila upande.

"Mzee, umeoa?"

"Kuna paka anasikia baridi."

"Umewasha moto kwa ajili ya paka?"

"Amri yenu ilikuwa ya mbwa tu," Machogu akasema. "Ya paka imebidi nijitungie mwenyewe."

Gari lilipoondoka akarudi ndani. Kuni alikuwa ameweka mbichi, na moshi ulimtoa machozi mpaka kidevuni. Aliketi kwenye kigoda cha Persis, magoti yakifika masikioni, akamweleza paka habari za barabara, na paka akafumba macho kwa namna ya kukubali.

Nje, kwenye ua, Eucabeth akakohoa. Machogu alingoja kidogo kama ilivyo desturi, kisha akaenda kuchukua sahani. Pembeni ya ugali palikuwa na kifuko kidogo cha jani la mgomba, na ndani yake vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwani, fungu la paka.

Akatazama ng'ambo, akakumbuka chinsoni, akatazama pembeni. Halafu akakohoa na yeye, mara moja, kwa nguvu, ili asikike.