Jina Lililofika Mbali

Japheth alijaliwa ulimi mtamu, na ulimi hauna mfupa. Siku bosi wake, Bwana Ishida, alipomsimamia kwa kafili, mdhamini wake wa kazi Saudia, hadi ikama yake, kibali cha kuishi huko, ikapatikana, Japheth alisema lile ambalo watu wa kwao Kakamega humwambia yeyote aliyewatendea wema.

"Bosi, mke wangu ana mimba. Huyo mtoto, jina utampa wewe."

Kwetu hiyo ni shukrani tu. Anayeambiwa hucheka, akasema Mungu akubariki, yakaisha. Mjapani huyu hakucheka. Walipoupita mtaa wa Al-Murabba aliinama mbele kutoka kiti cha nyuma, Japheth akiwa kwenye usukani, akauliza, "Mvulana au msichana?"

"Bado hatujui, bosi."

Tangu hapo safari za asubuhi zikawa za majina. Bosi alitaka jina la Kijapani linalomfaa mvulana na msichana sawasawa, tena lisilomsumbua bibi wa Kakamega. Jina Makoto alilikataa, akasema ni zito kwa mtoto mchanga. Ijumaa moja, nje ya Riyadh, alimwomba Japheth asimamishe gari, ashuke, aite majina yaliyobaki kama mama yake anavyomwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Japheth akaita. Jun likafia njiani. Hikaru likaenda mbali jangwani.

"Hilo," bosi alisema. "Maana yake kung'aa. Mimi na mke wangu tulimwekea mtoto wetu. Hakuja."

Hapo ndipo Japheth alipopaswa kusema kwamba alikuwa anashukuru tu. Badala yake akawasha gari.

Mtoto akazaliwa wa kiume, akalia asinyamaze. Mama yake Japheth akamtajia majina ya marehemu mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Alipofika kwa Shikuku, baba yake Japheth, mtoto akatulia akashika ziwa. Nani angebishana na hilo? Japheth hakubishana. Aliwashukuru kwa simu, kisha akaenda kumwambia bosi, "Hikaru amezaliwa." Muoga yule aliona aibu ya siku moja ni kubwa kuliko uongo wa miaka.

Bosi akahamishiwa Jeddah. Kila mwaka alituma viatu vya mtoto, vikubwa kidogo kuliko vya mwaka uliotangulia. Mwaka wa tatu akaitwa kwao Japani, na Japheth akapanda basi kwenda kumuaga.

"Dada yangu alijifungua mwaka jana," bosi alisema akimimina chai kati ya masanduku yaliyofungwa. "Aliniomba jina la Hikaru, akalia. Nikamwambia limeshapata mwenyewe, yuko Kenya. Mpigie mkeo, nimsalimie mtoto kabla sijaondoka."

Japheth akatoa simu yake. Hata hapo angeweza kusema, na hakusema. Alipiga akiomba mtandao ugome. Haukugoma. Uso wa Eddah, mkewe, ukatokea kwenye simu, na nyuma yake mtoto akichezea udongo uani.

"Hikaru," bosi aliita.

Mtoto hakugeuka. Bosi akaita tena, kwa sauti ndefu, kama Japheth alivyoita jangwani. Eddah akainamisha macho.

Ndipo sauti ya bibi ikatoka jikoni: "Shikuku, kuja ukule."

Mtoto akainuka mbio, viatu vya bosi miguuni.

Bosi aliilaza simu mezani polepole. "Shikuku ni nani?"

"Baba yangu, bosi. Marehemu."

"Ni jina zuri. Nalo linafika mbali." Akakizungusha kikombe chake mkononi bila kunywa. "Ungeniambia tu, Japheth. Ningempa dada yangu."