Fungu la Primus

Kaka yangu Primus alizaliwa hapa Rombo, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo lililo juu ya mji wa Mkuu, lakini wimbo wa taifa aliouimba uwanjani miaka mitano ulikuwa wa Kenya. Alivuka mpaka wa Holili mwaka 1990 kutafuta kazi, akapata ya kulinda geti la klabu moja Nairobi. Wachezaji wa raga wa pale walipoona kifua chake wakamtoa getini, wakamtia uwanjani. Raga ni ule mpira wa yai, watu wanaangushana kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Primus alikuwa haangushwi.

Mwaka 1996 alichukua uraia wa huko ili aichezee timu ya taifa. Kwa fahari yake akatutumia nakala za karatasi zote, eti tuzitundike ukutani. Mtu mzima, hakufikiri kwamba baba atataka kusomewa. Msomaji nikawa mimi, Zita, niliyefika kidato cha nne. Nilitafsiri kila mstari, hata ule niliopaswa kuuruka: kwamba Primus ameukana uraia wa nchi aliyozaliwa. Nilikuwa na wivu, sisemi uongo. Yeye anapanda ndege, mimi napalilia kahawa isiyo na bei.

"Rudia hapo," baba akasema.

Nikarudia, polepole, kwa sauti.

Hakuna kilichotundikwa. Primus akacheza Kampala, akacheza Harare, akatuma picha, baba hakuzigusa. Mwaka 2001 goti likavunjika, klabu ikampa mkono wa kwaheri. Desemba iliyofuata, Wachagga wote walipokuwa wanapanda kurudi kwao, naye akaja akichechemea. Alitaka kitu kimoja tu: baba amwonyeshe mahali pa kujenga kihambani. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"Atanionyesha, Zita," aliniambia jikoni. "Mimi si mtoto wake?"

"Muombe kwa adabu," nikamjibu, kana kwamba sijui kitu.

Siku ya pili ya Krismasi tukachinja mbuzi. Kwetu mgeni huletewa nyama iliyoiva kwenye sahani. Mtoto wa kiume hupewa fungu lake bichi, kwenye jani la mgomba, akapike kwake. Ukipewa hilo, ina maana una kwako. Primus aliyajua hayo tangu hajaota meno. Alikata jani lake mwenyewe, akalipangusa kwa kiganja, akasimama pamoja na wenzake.

Baba akaanza kumwita Jovin, mdogo wetu wa mwisho. Akaita watoto wa baba mdogo. Akamwita hata binamu Sirili, mlevi aliyeuza mabati ya nyumba yake. Nyama ikaisha. Primus bado amesimama na jani lake.

"Shikamoo baba," akasema, kama aliyefika sasa hivi. "Na mimi je?"

Baba hakumtazama. "Zita, mpe mgeni ale. Asikose gari la Holili."

Sahani ilikuwa tayari. Baba alikuwa ameniagiza tangu asubuhi, nami sikumwonya kaka yangu. Nikamkabidhi. Alikula amesimama, vipande vyote, machozi yakidondokea kwenye mchuzi, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.

Akanirudishia sahani kwa mikono miwili, akanishukuru. Kisha akaniuliza, mimi dada yake, choo cha hapa kiko upande gani.

Nikamwonyesha.