Bibi Aliyetakiwa Kuhuzunika

Asubuhi ya mtihani wa Kiingereza, mama mmoja fundi cherehani alipiga pasi sketi ya bluu, akaitundika kwenye msumari mlangoni, ndipo akamwamsha binti yake, ili kitu cha kwanza atakachokiona kiwe sketi hiyo. Ilikuwa sketi ya sekondari. Aliishona wakati wa likizo, na pindo lake aliliacha pana makusudi, maana mtoto alikuwa anarefuka kila ukigeuka. Ila sekondari ilikuwa haimpokei aliyeanguka Kiingereza, hata kama hesabu anazimeza. Na binti wa watu, hesabu alikuwa anazimeza kweli. Kiingereza ndicho kilichokuwa kinamtoa jasho.

"Ukajibu kama mwalimu alivyokufundisha," mama alimwambia akimfunga kifungo cha shingoni. "Usianze kufikiri huko."

Shuleni binti huyo aliitwa Polepole kwa sababu alikuwa anasoma. Wenzake hawakuwa na shida hiyo. Mwalimu wao wa Kiingereza, ambaye kila mtu alimwita Chomoa, mkewe akiwemo, alikuwa amewafundisha mbinu yake ya ufahamu, na kwa mbinu hiyo kusoma ni kupoteza muda. Unaweka kidole kwenye neno moja la swali, neno lenye uzito. Kisha unakitembeza kidole juu ya kifungu cha habari mpaka kigonge neno hilohilo. Hapo unaichomoa sentensi nzima, kuanzia herufi kubwa hadi nukta, unaipandikiza kwenye karatasi ya majibu, na unaendelea na swali linalofuata. Mtoto aweza kufika mwisho wa mtihani bila kujua kama habari ilimhusu mtu au ng'ombe, na akapata alama zote.

Msidhani nasema kwa kejeli. Mbinu ilifanya kazi. Shule ilipata kikombe kwa matokeo ya Kiingereza, kikawekwa juu ya kabati ofisini, na Chomoa alikuwa anakifuta vumbi mwenyewe kwa leso yake. Alikuwa mtu mwema, mchangamfu, anayenunulia watoto kalamu kwa mshahara wake. Polepole tu ndiye aliyekuwa anamnyima usingizi, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinasimama kila mstari.

Kifungu cha ufahamu kilikuwa kinajulikana. Ofisi ya mitihani iliwahi kukichapisha kwa wingi kupita kiasi, maboksi yakajaa ghala, na tangu hapo kikawa kinarudi kila mwaka. Kilihusu bibi mmoja aliyeishi na paka. Paka alikuwa anamlia bibi samaki wake wote, anamkwaruza, na analala kwenye mto wake. Siku moja paka akaondoka na hakurudi. "Siku ya huzuni iliyoje!" bibi akasema, akafunga dirisha kwa komeo, akakaanga samaki wawili, akawala wote huku akiimba. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, liliuliza bibi alijisikiaje paka alipoondoka. Jibu lilikuwa kwamba alihuzunika. Chomoa alikuwa amewakaririsha jibu hilo mpaka watoto wadogo wa madarasa ya chini walikuwa wanaliimba wakiruka kamba.

Polepole alilijua jibu kama wenzake. Ila alipokaa kwenye dawati na kukisoma kifungu tena, sentensi moja moja, aliona hawezi. Alisoma pale penye komeo. Akarudi akasoma pale penye kuimba. Aliposoma kwa mara nyingine, chumba kikanukia samaki, na bibi akawa amesimama kando ya dawati lake, amevaa aproni yenye madoa, kikaango mkononi.

Msimamizi wa mtihani, aliyeazimwa kutoka shule nyingine, alikuja mbiombio na kanuni zake. Alizipitia. Zilikataza simu, vikaratasi na kunong'ona, lakini vikaango havikutajwa. Zilisema pia mtu wa nje haruhusiwi kuwa ndani mtihani ukiendelea, na mtu aliye ndani haruhusiwi kutoka kabla mtihani haujafika nusu. Msimamizi alizipima hizo mbili, akaona heri ya pili, akamwonyesha bibi benchi la nyuma na kumwomba asiongee. Bibi alikaa, akala samaki wake taratibu, akaweka miiba kwenye mfuko wa aproni. Katika taarifa yake msimamizi aliandika kwamba palikuwa na harufu ya samaki na hapakuwa na udanganyifu.

Polepole aligeuka mara moja tu. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kufuata wimbo fulani wa moyoni, uso umemchanua. Basi mtoto aliandika kwamba bibi alifurahi, kwa sababu samaki sasa walikuwa wake.

Mtihani ulipokwisha karatasi zikakusanywa, bahasha ikapigwa lakiri, na bibi akawa hana pa kurudi. Chomoa alikuwa mlangoni akiwapongeza watoto. Bibi alimuuliza kwa Kiingereza kama kuna mahali angeweza kupumzika. Chomoa akamjibu, kwa sentensi kamili na lafudhi safi, kwamba kuna mahali angeweza kupumzika, akamwacha amesimama hapohapo. Bibi akamuuliza kama wana maji ya kunywa. Chomoa akamthibitishia kwamba wana maji ya kunywa. Wakaendelea hivyo kwa adabu kubwa mpaka Polepole alipomshika bibi mkono na kumpeleka nyumbani.

Mama fundi hakuuliza maswali mengi. Alimtazama mgeni juu mpaka chini, akaona aproni imechanika mfukoni, akamvua na kuitia kwenye cherehani. Jioni ile bibi alilazwa kwenye chumba cha vitambaa, na kesho yake alikuwa anashona vifungo. Hawakuwa na lugha moja, lakini mama alikuwa akimwonyesha kazi kwa vidole na kumsemesha kwa kinywa, bibi naye anamjibu kwa lugha yake, na kila mmoja akicheka mahali pake. Majirani walipita kumsalimia. Walikubaliana kwamba kwa mtu aliyetoka kwenye karatasi, alikuwa na afya.

Matokeo yakatoka. Hesabu, Polepole alikuwa wa kwanza. Kiingereza, alikuwa ameanguka, tena kwa swali lile la mwisho. Wenzake wote walikuwa wamefaulu.

Mama alilia, na alilia hasa, amekumbatia sketi, mpaka ikabidi ipigwe pasi upya. Alipomaliza alinawa uso, akavaa viatu vyake vya kutokea na kumchukua binti kwa mkono mmoja na bibi kwa mwingine. Alisema wanakwenda ofisi ya mitihani kumaliza mchezo, maana mwenye hiyo huzuni yuko naye, anakula na kulala kwake.

Kwenye kaunta walimkuta mtahini mmoja, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza kila kitu. Alimpa bibi kiti. Polepole akatafsiri: bibi anasema hakuhuzunika hata chembe, yule paka alikuwa mwizi na mkorofi, na siku alipoondoka ndiyo siku nzuri kuliko zote alizowahi kuziona kwenye kifungu. Lile neno la huzuni alilisema kwa kumkebehi.

Mtahini alikubali kwamba hilo linasikika kuwa la kweli. Kisha akatoa mwongozo wa kusahihishia, akaweka kidole kwenye swali, akakitembeza mpaka kwenye jibu. Jibu lilisema alihuzunika. Kamati nzima ilikuwa imekaa na kupitisha.

"Mama," alisema kwa upole, "kama bibi hakuhuzunika, angesema mapema, kabla mwongozo haujapitishwa."

Mama alimuuliza angesema vipi naye alikuwa ndani ya karatasi. Mtahini alisema hapo sasa ndipo penye ugumu. Aliongeza kwamba, kwa upande mwingine, bibi hakuwa amesajiliwa kama mtahiniwa, kwa hiyo hata kama angekuwa na jibu sahihi asingepewa alama. Akawasindikiza hadi mlangoni, na huko akamwambia bibi, kwa Kiingereza chake cha kiofisi, kwamba anampa pole nyingi kwa kupotelewa na paka.

Njiani bibi alicheka mpaka akakaa kando ya barabara. Mama hakuelewa kilichosemwa, ila alipotafsiriwa naye akakaa. Polepole hakucheka. Aliumia kuliko alivyoumia siku ya matokeo, maana siku ile alidhani amekosea.

Akarudia darasa. Mwaka ukapita, na si vibaya. Bibi alijifunza lugha ya nyumba, akaanza na kumtania muuza samaki, akaishia kumkopesha sindano mke wake. Chomoa, ambaye hakuwa na kinyongo, alikuwa anakuja kupunguziwa suruali na kumwomba Polepole amtafsirie pale bibi alipochangamka na kurudi kwenye Kiingereza. Mama alifumua pindo la sketi ya bluu, akalishusha kidogo, akalishona tena. Bado palibaki kitambaa cha mara moja zaidi, alisema, baada ya hapo itabidi wamkate miguu.

Asubuhi ya mtihani wa pili, bibi ndiye aliyemfunga binti kifungo cha shingoni.

"Andika kwamba nilihuzunika, mjukuu wangu," alimwambia. "Mimi haliniumi."

"Lakini si kweli, Bibi."

"Si kweli. Andika."

Akamsindikiza mpaka shuleni, akaketi nje kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha la chumba cha mtihani, na kapu lake la vifungo.

Karatasi zilikuwa zilezile za ghalani. Polepole alianza kusoma, sentensi moja moja, kwa sababu hakujua namna nyingine. Paka alikuwamo, na samaki na komeo vilikuwamo. Lakini kila mahali palipokuwa pameandikwa bibi palikuwa peupe. Dirisha lilifungwa, na hapakuwa na wa kulifunga. Samaki wawili walikaangwa wakaliwa, na mlaji hayumo. Ni swali la mwisho tu ambalo halikuwa limebadilika: bibi alijisikiaje?

Polepole aliangalia kushoto na kulia. Vidole vya wenzake vilikuwa vinatembea vizuri juu ya pale peupe, havikujikwaa, vikafika kwenye huzuni, vikachomoa. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Chomoa mwenyewe, aliyekuwa amewafanyisha mazoezi kwa nakala zilezile wiki nzima, hakuwa ameona kitu.

Polepole alishika kalamu. Nje, chini ya dirisha, bibi alikuwa ameanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kwenye kifungu, na aliuimba kwa furaha kubwa na sauti kubwa zaidi, mpaka msimamizi akaenda kulifunga dirisha kwa komeo. Bado ulisikika. Polepole alikaa akiusikiliza mpaka ubeti ukaisha. Kisha akaandika kwamba bibi alihuzunika, na kwa hiari yake, bila kuchomoa mahali popote, akaongeza neno "sana".

Safari hii alifaulu, tena kwa alama ambazo shule haikuwahi kuziona. Mama alipiga vigelegele mpaka wateja wakatoka kwenye maduka ya jirani. Kikombe cha pili kilikuja kukaa karibu na cha kwanza, na Chomoa alikuja nyumbani mwenyewe kutoa pongezi, na kalamu mpya kwenye kifuko. Alitaka kujua jambo moja tu, ili awaambie watoto wa mwaka unaofuata.

"Safari hii ulichomoa?"

"Nilichomoa, mwalimu."

Chomoa akafurahi, machozi yakamlengalenga. Alisema siku zote alijua kwamba mtoto huyu, akiamua, anaweza.

Jioni ile Polepole alivaa sketi ya bluu mezani, ingawa mama alimwonya kuhusu mafuta. Bibi alikaanga samaki wa kutosha watu wote. Alitaka habari za kwenye karatasi. Aliuliza kama paka bado yumo. Polepole akamwambia yumo, peke yake. Bibi akasema akae humohumo.

Walikula. Baada ya muda bibi aliweka mwiba kando ya sahani.

"Nasikia nilihuzunika," alisema.

"Sana, Bibi."

"Pole yangu mimi," bibi akasema. "Nisogezee chumvi."