Kinga ya Mlango wa Choo

Saa mbili na robo asubuhi Tisa alifagia vumbi la mbao chini ya mashine, akatia mafuta panapostahili, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa picha ya msumeno mpya wa mkanda, aliyoikata kwenye kijitabu cha matangazo. Watu wengine wakiona picha ya mashine hutazama mota. Tisa alitazama kitu kimoja tu: kinga, bamba la chuma la rangi ya njano linaloshushwa mbele ya meno ya msumeno mpaka panabaki nafasi ya ubao kupita na si zaidi.

Aliitwa Tisa kwa idadi ya vidole vyake. Cha pete, mkono wa kushoto, kilikwenda na mashine hii ya karakana miaka kumi na moja iliyopita, pete yenyewe ikiwa imo. Hakuwa mtu wa tamaa ya vitu vipya. Hata baiskeli yake ilimzidi umri. Ila hivyo tisa alivipenda sana, na kila asubuhi alipowasha mashine aliogopa.

Mashine ya zamani nayo ilikuwa na kinga yake. Marehemu baba yake Bosi, aliyeianzisha karakana, aliing'oa mwaka ule ule wa kwanza akidai inamziba macho. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, aliipeleka chooni, ambako mlango haukuwa na kitasa, na tangu hapo kila anayeingia huubana mlango kwa ile kinga. Kitasa kitanunuliwa mwezi ujao. Kimekuwa cha mwezi ujao tangu Bosi akiwa na nywele.

Siku hiyo Bosi alimwita Tisa kumwomba ushauri juu ya jambo alilokwisha kuliamua.

"Tununue mpya au tuifufue hii?"

"Tununue mpya, Bosi."

"Chuma kama hiki siku hizi hakipatikani," Bosi akasema, akiipapasa mashine ubavuni. "Hivyo vipya ni mabati matupu. Ukipiga chafya, vinahama."

"Vina kinga."

"Kinga ni macho yako, bwana."

"Macho ninayo mawili tangu zamani, na kidole kikaenda."

Bosi alicheka mpaka akashika kiuno, akasema ndiyo maana anampenda Tisa, kisha akampigia simu shemeji yake.

Shemeji alikuwa fundi mitambo, na kila mtu pale karakanani alimwita Shemeji, hata wasio na dada. Alifanya kazi siku tatu. Aliweka mota mpya, beringi mpya, raba mpya kwenye magurudumu mawili yanayouzungusha msumeno, na taa ndogo ya kumulika mbao. Siku ya tatu Tisa alimwuliza kwa sauti ya chini kama kinga ya zamani ingeweza kurudi. Shemeji akainama, akachungulia.

"Mashimo ya skrubu haya hapa, mazima kabisa. Ilete. Dakika kumi tu."

Tisa alikwenda chooni karibu akikimbia, akaileta. Kwa bahati mbaya, katika dakika hizo kumi mama mkwe wake Bosi, aliyekuja kuchagua kabati, aliingia chooni. Mlango ulijifungua wenyewe, taratibu, mpaka mwisho, mbele ya wateja wawili na mwuza gundi. Kabla Shemeji hajakaza skrubu ya kwanza, kinga ilikuwa imerudishwa chooni.

"Usinielewe vibaya, Tisa," Bosi akasema akijifuta jasho. "Vidole vyako navithamini. Lakini mimi usiku nalala kwenye nyumba ya mtoto wa yule mama."

Mchana huo waliijaribu mashine. Ilizunguka kwa mlio laini, ikapasua ubao wa kwanza bila kutetemeka. Ubao wa pili ulipofika katikati, vidole vinne viliota pembeni mwa meza ya mashine, kama uyoga baada ya mvua. Tisa alizima mota, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kitu kisichokuwepo kikitokea mezani. Shemeji alisema pengine ni ile mota mpya, ina nguvu kuliko ya mwanzo.

Havikuwa vigeni. Cha shahada kilikuwa cha mpasuaji mbao wa kwanza, aliyehamia kwa binti yake. Cha kati kilikuwa cha yule aliyeacha kazi akawa mlinzi. Cha pete kilikuwa cha Tisa, pete ikiwa imo, kimezeeka sawasawa na wenzake tisa. Cha mwisho, chembamba, chenye ukucha mrefu wa kukunia sikio, Bosi alikitambua papo hapo, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

Kidole kikainama kidogo, kisha kikanyooka. Vyote vinne vilinyooka pamoja, vikielekea upande mmoja: mlango wa choo.

Watu waligeuka wakautazama mlango.

"Vinataka kinga," Tisa akasema.

"Vinalalamikia harufu," Bosi akasema. "Baba alikuwa mtu msafi mno. Leteni dawa ya kuoshea choo."

Choo kikaoshwa. Vidole vikaendelea kuonyesha. Siku ya pili mlango ukapakwa rangi ya buluu. Vidole vikaonyesha mlango wa buluu. Bosi akaona baba sasa anasumbua, lakini baba ni baba, akaagiza na kuta zipakwe. Tisa alisema tena, na tena, mpaka Bosi akamwambia kwa upole kwamba kidole cha baba yake anakielewa yeye, aliyekuwa akikokotwa nacho kwenda shule.

Siku ya tatu mke wa Tisa alifika. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na shaka, asiyoisema ila wakiwa wamegombana, kwamba ile pete iliuzwa na kidole kikasingiziwa. Alisimama mbele ya mashine akikitazama kidole cha mumewe.

"Kumbe ulisema kweli," akamwambia Tisa. "Nisamehe, baba watoto."

Alitoa mkasi mkobani, akakata ukucha wa kile kidole, akaipangusa pete kwa pindo la kanga. Hakujaribu kuivua. Kisha akavishika vile tisa vingine vya mumewe, akavihesabu kimoja kimoja. Macho ya Tisa yalijaa machozi, akasingizia vumbi.

Vilipoona havisikilizwi, vidole vilianza kazi. Tisa akisukuma ubao, navyo vilisaidia kuunyoosha. Mkono wake ukikaribia meno kupita kiasi, kidole chake mwenyewe kilimgonga kwenye fundo la mkono, mara mbili, na alipopuuza, vyote vinne viliusukuma mkono nyuma. Juma zima lilipita bila hata mkwaruzo. Bosi alisimama akitazama, mikono kifuani, uso umemng'aa.

"Unaona sasa? Ungenunua mpya ungevipata wapi hivi?" Alimwomba Tisa ile picha, akaitumia kufungia misumari. "Havili, haviombi likizo. Kinga ya nini tena?"

"Na kama vikichoka, Bosi?"

"Vichoke vipi, vimepumzika miaka yote hii?"

Aliinama, akavihesabu kwa furaha ya mtu anayepanga siku za mbele. Shahada, kati, pete, na cha mwisho.

"Vimebakiza gumba tu," akasema. "Vingekuwa na gumba, vingeweza hata kushika."

Hakusema kwa ubaya. Alimpiga Tisa begani, akaenda chooni, na mlango ukasikika ukibanwa kwa chuma. Tisa aliweka ubao mezani. Kidole chake kilikuwa tayari, kimesimama upande wa meno, kikimngoja. Akakunja magumba yake yote mawili ndani ya viganja, akawasha mashine.