Mashua ya Kuazima

Karani wa kambi ya wanamaji alisoma namba kwenye picha, akatoka langoni na kututangazia bila hata kumeza mate. Mashua iliyookotwa baharini ikiwa kifudifudi, bila mtu, ni ya meli kubwa. Mke wa fundi mitambo wa meli hiyo akaanguka pale pale kwenye kokoto. Wifi yangu akanikumbatia, analia na kucheka kwa pamoja, maana mumewe, mdogo wangu Kidevu, yuko meli ndogo.

Meli zote mbili za kivita, kubwa na ndogo, zilikuwa zimeshusha mashua kwenye tufani, kuwaokoa mabaharia wa meli ya mizigo iliyokuwa inazama. Mashua hazikurudi, na fundi mitambo na Kidevu walikuwemo, kila mmoja kwenye ya meli yake. Redio zilikuwa zinakoroma tu, hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo picha ile ndiyo tuliyokuwa nayo.

Mimi ni fundi rangi wa karakana ya kambi. Namba za mashua nazipaka mimi: namba ya meli, halafu moja au mbili. Nikamwambia wifi naenda kwa karani kuhakikisha tu. Kiherehere changu.

Picha ilipigwa mashua ikishapandishwa na kugeuzwa sawasawa. Namba ilikuwa ya meli kubwa kweli, mkono wangu mwenyewe. Lakini ndani niliona minyororo minne imekutana kwenye pete moja. Meli kubwa huinua mashua zake kwa ndoano mbili, ya mbele na ya nyuma. Winchi ya ndoano moja, inayoshika pete kama ile, iko meli ndogo peke yake.

Hapa kwetu mashua ya meli moja ikiharibika, inaazimwa ya meli nyingine. Mhunzi anabadilisha minyororo, basi, imetoka. Namba inaachwa ilivyo, kwa sababu ukiipaka upya, mashua ikirudi kwao itabidi uikwangue tena, na nani ana muda huo? Mimi naitwa rangi inapohitajika tu. Hakuna aliyeniambia kwamba Kidevu na wenzake wameazima.

"Vipi, dada?" karani akauliza. "Si ya meli kubwa?"

Ningeweza kujitia hamnazo. Redio ingepona ikasema yenyewe, na mimi mkono wangu usingekuwemo. Wallahi nilitaka. Ila nje yule mwanamke alikuwa bado analia, na kilio kile hakikuwa chake.

"Ni ya meli ndogo," nikasema. "Waliiazima. Na wewe, mdomo wako huo ulikuwa na haraka gani?"

Alitazama meza.

Nilitoka nikamwinua kwanza mke wa fundi mitambo, maana sikuwa na ujasiri wa kuanza na wangu. "Si ya mumeo, dada. Yao bado inatafutwa." Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, na mimi nikaona aibu hata ya kuitazama.

Wifi alikuwa anatuangalia. Tabasamu lilimwisha usoni polepole, wala hakuuliza ni ya nani. Nikaenda nikasimama mbele yake, nalia tu.

"Wifi," akasema, "si ungeniachia hata hadi kesho."