Picha ya Bi Zulma

Jumanne saa tisa alasiri, Hilde Vandromme alimimina makopo matatu ya biskuti juu ya meza ya jikoni kwa mama yake. Biskuti zenyewe zililiwa zamani za kale. Makopo yalikuwa ya picha. Mama yake, Bi Zulma, alikuwa amefariki Jumapili akiwa na miaka themanini na minne. Mazishi yangekuwa Jumamosi, na mpiga chapa alitaka picha ya kadi kabla ya Alhamisi adhuhuri.

Katika vijiji vya karibu na mji wa Poperinge hakuna anayezikwa bila kadi. Upande mmoja sala, upande wa pili sura ya marehemu. Waombolezaji huichukua kanisani, wakaitia kwenye pochi au katika kitabu cha sala, na humo marehemu hukaa miaka nenda miaka rudi. Hilde alitaka jambo moja tu, na alilitaka kwa moyo wote: mama yake aonekane uso mzima, ameketi, hana kitu mkononi.

Picha zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Saa kumi na nusu alikuwa amezimaliza zote, na Bi Zulma hakuwemo hata katika moja. Kamera ilikuwa ya baba yao, Maurits, naye alikuwa na desturi yake: alipiga picha chakula kikishawekwa mezani, kabla hakijapoa. Wakati huo mkewe huwa amerudi jikoni kufuata sosi.

"Hayumo," Hilde alimwambia mdogo wake Joris, aliyekuwa ameketi karibu na jiko akila mkate wa zabibu.

"Ile ya harusi, ya ukutani, je?"

"Ana miaka ishirini na miwili mle. Watu watasema tumezika binti wa mtu."

"Basi ya kitambulisho."

"Ile aliyosema imemfanya mwizi wa kuku? Akija kukuuliza utamjibu wewe?"

Joris hakutaka kuulizwa. Akaupaka mkate wake siagi.

Hilde alikuwa bado ameshika picha ya komunyo yake ya kwanza, ya mwaka 1974, mlango wa humo pichani, nyuma ya meza ya karamu, ulipofunguka na Bi Zulma akaingia na sufuria ya supu ya kuongezea. Kimo chake kilikuwa cha njiti ya kiberiti. Alizunguka meza yote, akamjazia kila mmoja, kisha akatoka. Wengine hawakutikisika, kwani picha ndivyo zilivyo.

"Huyo hapo," Hilde alisema.

Joris akainamisha kichwa. "Supu gani?"

"Ya kababu."

"Nimeikumbuka ile," alisema, na akakata kipande kingine cha mkate.

Jumatano asubuhi Hilde aliipeleka picha kwa mpiga chapa, Bwana Desmedt, mzee mwenye macho manne, yaani mawili yake na mawili ya kioo, asiyekosa mazishi hata ya asiowajua. Waliitazama pamoja. Bi Zulma aliingia na sungura wa kuoka, akatoka. Akaingia na viazi, akatoka.

"Wanawake wa huku wanatutesa kweli, Bi Hilde," alisema Bwana Desmedt. "Mwaka jana nilimngoja marehemu mmoja toka asubuhi mpaka jioni, nikapata kiwiko. Familia ilishukuru sana."

"Mimi sitaki kiwiko. Nataka uso."

"Basi mkalishe. Akikaa tu, mimi namnasa."

Hilde alirudi nyumbani, akaiegemeza picha kwenye bakuli la sukari, akasubiri. Bi Zulma alipoingia na sosi alimwita.

"Mama. Kaa kidogo."

"Nikae wapi, mwanangu?" Bi Zulma alijibu bila kusimama.

Hilde akavihesabu viti. Vilikuwa kumi. Akahesabu watu, kumi. Sahani kumi, uma kumi, na glasi kumi, mbili kati yake zikiwa za maji ya sukari za watoto. Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu, asije akamsingizia mtu, na hesabu ikawa ileile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nao watu kumi wa meza ile walikuwa na shibe ya miaka hamsini. Hakuna aliyemnyima Bi Zulma kiti. Hakuna tu aliyemwekea.

Kiti cha karibu na mlango kilikuwa cha msichana wa miaka saba mwenye gauni jeupe na shada la maua kichwani. Hilde alimjua vizuri.

"Wewe," alimwambia. "Inuka, mpishe mama."

Msichana hakuinuka. Siku ile ilikuwa yake, na alikuwa akitazama kamera.

Hilde alilia hapo mezani, kwa aibu hasa kuliko kwa msiba, maana msiba alikuwa ameutarajia.

"Unalilia nini sasa?" Bi Zulma aliuliza, sahani chafu zikiwa zimepangana mkononi. "Mimi nitakula baadaye."

"Mama, ni kwa ajili ya kadi. Watu watakukumbuka kwa lipi?"

Bi Zulma alifikiri kidogo. "Haya. Ila nitasimama, sitakaa, na mwambie Desmedt afanye upesi. Nina kitu jikoni."

Alhamisi saa nne Bi Zulma alisimama mlangoni humo pichani, birika la kahawa mkononi, shingo imegeukia jikoni lakini uso wote unaonekana. Bwana Desmedt akamnasa. Haikuwa picha aliyoitaka Hilde, lakini ilikuwa uso, na ulikuwa wa mama yake. Kadi mia mbili na ishirini zilichapwa, na Ijumaa usiku Hilde alilala vizuri.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu walipita mbele mmoja mmoja, kila mmoja akachukua kadi, wakasema Bi Zulma ametoka vizuri, ni yeye kabisa. Baada ya makaburini walikwenda ukumbi wa parokia kwenye meza ya kahawa: mikate midogo, jibini, nyama baridi, mkate wa zabibu. Wahudumu waliokodiwa walikuwa wawili, mmoja akashikwa na mafua. Hilde akavua koti lake jeusi na kuchukua birika.

"Dada, huku kumekauka!" Joris aliita kutoka meza ya familia.

Mjomba wao Omer, mdogo wa marehemu, alitoa kadi mfukoni amwonyeshe jirani jinsi dada yake alivyofanana na mama yao. Kwenye kadi palikuwa na mlango tu, umeachwa wazi. Jirani akatoa yake, nayo ilikuwa vilevile. Watu wakatoa kadi kwenye pochi na mikoba, meza moja baada ya nyingine, na Bi Zulma hakuwemo hata katika moja.

"Ameenda jikoni," alisema mjomba Omer, akakisogeza kikombe chake ukingoni mwa meza ili kijazwe.

Watu wakarudisha kadi mifukoni. Nyuma ya ukumbi mifuniko ya sufuria ilisikika ikigongana.

Hilde alipoingia jikoni na birika tupu, alikuta mabirika manne yamejaa, yamepangwa karibu na mlango, vishikio vikielekea kwake. Mama yake alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu, mrefu kama alivyokuwa siku zote.

"Umekula?" Bi Zulma aliuliza.

"Nitakula baadaye," Hilde alisema.

Akachukua mabirika mawili, na alikuwa bado hajafika mlangoni Joris aliposimama ukumbini na kamera ya baba yao, akiwasogeza watu wa familia upande mmoja wa meza kabla chakula hakijaisha. Alivitazama viti. Vyote vilikuwa na watu.

"Tuko wote?" aliuliza.

"Tuko wote," alijibu mjomba Omer, na Joris akapiga picha.